Mzibaji wa Mfongo

Anayeujua mfongo, mfereji wa maji wa Wachaga, utamtambua siku unapovuja. Mzee niliyemtazama kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Marangu, hakuanza na jembe. Aliokota majani makavu, akayafikicha kiganjani, akayamwaga majini, kisha akaandamana nayo ukingoni, mikono mgongoni. Chini ya mparachichi vipande viwili vitatu viliacha safari, vikazunguka polepole, vikazama.

"Fuko," alisema, akamtuma kijana akayafunge maji huko juu.

Alichimba akifuata njia ya fuko mpaka akaukuta udongo mgumu, maana kuziba mdomo wa tundu peke yake ni kujidanganya. Akapanga mawe makubwa, akajaza madogo katikati, akaleta udongo mwekundu unaonata kutoka ukingo wa juu. Ule mweusi wa shambani aliukataa: una rutuba, alisema, lakini hauna msimamo. Juu ya ule mwekundu akalaza maganda ya mgomba, akabandika mabonge yenye nyasi hai, akavua viatu. Kukanyaga kulichukua muda mrefu kuliko kuchimba. Alianza kwa kisigino, akaja kwa wayo, akisogea inchi kwa inchi, kwa subira ya mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Nyasi zile zingetoa mizizi na kuishona kazi yote. Mwaka ujao usingejua palipozibwa.

Hatua chache mbele nikaona maji membamba yakichuruzika kuelekea kihamba (shamba la nyumbani) cha chini. Nikajiona hodari. "Meku," nikamwambia mzee, "na tundu hili?"

"Hilo liache. Migomba ya pale inanywa hapo tangu enzi za baba yangu."

Ufundi ninaousifu ni huo. Kuziba anaweza yeyote mwenye koleo. Kujua tundu la kuzibwa na tundu la kuachwa kunataka mtu aliyeutembea mfongo maisha yake yote, anayejua shamba lipi lina mawe chini, nani alipata zamu ya usiku na nani hakupata.

Mifongo yenyewe ni ya kale kuliko mipaka ya nchi. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi mwaka 1884, aliisifu katika kitabu chake. Maji yalitolewa mtoni juu kabisa, yakapitishwa kandokando ya mabonde. Penye korongo yakavushwa kwa magogo yaliyochongwa. Hapakuwa na chombo cha kupimia mwinuko. Mteremko ukizidi, maji yanakula udongo. Ukipungua, tope linajaa. Wachaga waliyaacha maji yenyewe yawaonyeshe njia. Mifongo mingi ilibeba jina la ukoo ulioichimba, na ulezi wa kiangazi wa kutengenezea pombe ya mbege uliitegemea. Siku ya kuufagia mfongo kila nyumba inayotumia maji ilitoa mtu. Asiyefika alilipa faini, na aliyekaidi, zamu yake ya maji ilimpita.

Maofisa wa kikoloni waliokuja baadaye walinung'unika kwamba mifereji ya Wachaga inavuja na kupoteza maji. Kweli ilikuwa inavuja. Ila sehemu ya maji hayo "yaliyopotea" ilikuwa ikinywewa na migomba, mibuni na nyasi za ng'ombe, mahali ambapo hakuna ofisa aliyeinama kutazama.

Malalamiko hayo yamerithiwa, na dawa yake siku hizi ni saruji. Siichukii saruji. Penye mwamba au kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni, inafaa, na hata mzee wangu ameitumia. Tatizo ni kumwaga zege kisha kuondoka. Zege halivuji palipohitaji kuvuja, kwa hiyo kihamba cha pembeni kinakauka; na linapopasuka, hupasukia chini lisikoonekana. Maji yanapita uvunguni, yanauchota udongo kimyakimya, na siku moja kipande kizima cha mfereji kinakaa hewani. Majani makavu hayatakuonyesha ufa wa namna hiyo. Ukiwauliza wenyeji, wanasubiri mradi uliolimwaga urudi.

Sheria nayo imeingia. Ya mwaka 1974 iliyafanya maji yote kuwa mali ya Jamhuri. Ya mwaka 2009 inataka vibali na vyama vya watumia maji. Sina ugomvi nayo, kwani bonde la Pangani lina wahitaji wengi, kuanzia wakulima wa tambarare hadi mitambo ya umeme. Lakini kibali hakizoi tope. Wazoaji wenyewe wako Dar es Salaam na Arusha, vihamba vimegawanywa hadi vimekuwa viwanja, na zamu ya kufagia inalipiwa kwa simu. Pesa inafika. Mtu wa kupokea koleo mkononi mwa mzee hafiki.

Basi wewe utakayepanda kwenda nyumbani Desemba, nyama na mbege vipo tu, havikimbii. Toa asubuhi moja. Mtafute anayeusimamia mfongo wa kwenu, mfuate mpaka kwenye banio, na njiani muulize matundu aliyoyaacha makusudi na sababu ya kila moja. Kisha vua viatu, mkanyage pamoja.