Ngumi Isiyofika

Ngumi ya filamu haimgusi mtu. Kamera hutegwa nyuma ya bega la anayepigwa, mkono hupita mbele ya kidevu chake, naye hugeuza kichwa kwa kasi wakati huohuo. Akichelewa kidogo tu, mtazamaji anauona uongo. Kazi kubwa, basi, ni ya anayepigwa, na bondia aliyehamia uigizaji anaijua vizuri. Watu hudhani ameleta misuli tu.

Ameleta miguu inayopima umbali, na macho yanayosoma bega la mwenzake kabla mkono haujatoka. Lakini kuna jambo moja analopaswa kulisahau. Ulingoni alifundishwa kuficha maumivu: ukiguswa mbavu, uso usiseme, maana mpinzani akigundua atarudi palepale. Mbele ya kamera, uso huohuo unatakiwa useme yote.

Bondia Mmarekani Canada Lee aliuweza mgeuko huo. Alizaliwa New York mwaka 1907 kwa jina la Lionel Canegata, akapigana ndondi za kulipwa mpaka jicho moja lilipoharibika, akatundika glavu mwaka 1933. Mwaka uliofuata alikwenda YMCA ya Harlem kutafuta kibarua chochote, akajikuta kwenye majaribio ya mchezo wa kuigiza. Mwaka 1936 mwongozaji Orson Welles alimpa nafasi ya Banquo katika *Macbeth* ya waigizaji weusi, mradi uliolipiwa na serikali ya Marekani. Mwaka 1941 alikuwa mhusika mkuu wa *Native Son* kwenye jukwaa la Broadway.

Anayetaka kuuona ufundi wake aitafute filamu ya *Body and Soul* ya mwaka 1947. Mpigapicha James Wong Howe alivaa viatu vya magurudumu, akazunguka ulingoni na kamera mkononi. Lee ni Ben, bingwa wa zamani mwenye damu iliyoganda ubongoni. Katika kambi ya mazoezi akili inamruka, anarusha ngumi hewani, anaanguka na kufa. Mikono inakumbuka kila kitu, na uso umejaa hofu ambayo hakuna bondia angethubutu kuionyesha ulingoni.

Miaka minne baadaye ilitoka *Cry, the Beloved Country*, iliyopigwa Afrika Kusini ya ubaguzi. Ili yeye na mwigizaji mwenzake Sidney Poitier waruhusiwe kuingia, iliwabidi waandikwe kama vibarua wa mwongozaji. Humo Lee ni kasisi mzee, Stephen Kumalo, na hakunji ngumi hata mara moja. Alifariki mwaka 1952, akiwa na miaka 45.

Kenya nayo ina mabondia wa kujivunia. Philip Waruinge alitunzwa kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi bora kwenye Olimpiki ya 1968. Robert Wangila alitwaa dhahabu Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 akafa Las Vegas kwa majeraha ya pambano. Ulingo una mwisho, na mara nyingi mwisho wenyewe huja mapema.

Kwa hiyo, waandaaji wa tamthilia wa Nairobi, mkimpata kijana wa Mwihoko au Githurai aliyekulia kwenye ndondi, msimpe nafasi ya baunsa asiye na maneno. Mpeni kasisi, mpeni baba aliyefiwa, na mpeni mwalimu wa uigizaji wa kumfundisha. Nayo serikali ya Kaunti ya Kiambu, anakotoka kijana huyo, ilipie mafunzo hayo.