Taaluma Mseto na Mfano wa Mute

Programu za uzamili na uzamivu zinazochanganya taaluma zinazidi kuongezeka vyuoni mwetu, na sisi walimu wa Kiswahili huitwa katika nyingi kati ya hizo. Tatizo ni kwamba huitwa mwishoni. Pendekezo la utafiti limekwisha kupitishwa na fedha zimekwisha kugawanywa, ndipo tunaletewa hojaji tuitafsiri. Tungependa kuionyesha kasoro hii kwa kutazama mahali pamoja.

Mahali penyewe ni Mute, kijiji cha wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Gesi iligunduliwa katika bahari ya eneo hilo mwaka 2010, uasi wa silaha ukaanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na mji wa Palma ukashambuliwa Machi 2021. Hakuna idara moja inayoweza kudai kwamba mambo haya ni yake peke yake. Tuseme basi mwanafunzi wa uzamivu anataka kuchunguza madai ya ardhi huko. Ataanza na sheria ya ardhi ya mwaka 1997, inayosema kuwa ardhi ni mali ya dola lakini inazitambua haki za matumizi zilizopatikana kwa mila. Na mila hizo husimuliwa kwa lugha gani?

Pwani hiyo ina Kimwani, Kimakwe na Kimakonde. Kimakwe kimeandikiwa sarufi nzima na Maud Devos (2008), lakini ni wanafunzi wangapi wa maendeleo au sheria wanaoijua? Hojaji ya Kiswahili sanifu itaeleweka nusu, na nusu hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Kwetu mwani ni majani ya baharini; kwa Wamwani neno hilo ni pwani yenyewe, na ndilo lililowapa jina. Kireno cha Msumbiji nacho kimechukua neno machamba kutoka mashamba yetu. Afisa anaweza kuandika machamba akiwa na maana ya eneo lililolimwa, huku bibi anayehojiwa akikumbuka minazi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Wote wawili wataweka alama kwenye karatasi ileile. Je, mwenye mnazi ndiye mwenye ardhi? Hilo ni swali la sheria na la semantiki kwa pamoja, na fidia hulipwa kulingana na jibu lake.

Mwanahistoria naye hawezi kufika mbali bila sisi. Hifadhi ya Historia ya Msumbiji, mjini Maputo, ina barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambazo watawala wa pwani ya kaskazini waliwapelekea Wareno katika karne ya 19. Asomaye Kireno tu atapata upande mmoja wa mazungumzo.

Mfano wa kujifunzia upo Makerere. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya chuo hicho, ikiongozwa na Mahmood Mamdani, ilianzisha mwaka 2012 programu ya uzamivu iliyounganisha siasa, uchumi wa kisiasa, historia na utamaduni. Mamdani alikuwa akilalamikia utafiti wa kukodishwa, ule ambao mfadhili huja na swali na msomi hutafuta takwimu. Tunachokisifu zaidi ni kwamba wanafunzi walisoma pamoja darasani kwanza, kabla ya kila mmoja kushika njia yake ya uwandani. Kwingineko mseto huo huishia kwenye wasimamizi wawili wanaokutana siku ya utetezi wa tasnifu, kila mmoja akisahihisha sura zake.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Orodha za lahaja tunazofundisha mara nyingi huishia Kilwa, kwa Kimgao, kana kwamba ng'ambo ya Ruvuma hakuna mtu. Tukiitwa mapema kesho, tutakwenda na nini?

Hata hivyo tunadai kiti pale swali la utafiti linapoandikwa, na kura pale tasnifu inapotahiniwa. Mwanafunzi wetu wa Mute angehitaji miezi kadhaa ya kujifunza Kimakwe kabla ya mahojiano yake ya kwanza. Miezi hiyo ihesabiwe katika kozi zake na ilipiwe katika bajeti yake, kama wenzake wanavyolipiwa mafunzo ya takwimu.