Mvua Inaosha Paa Bure: Mwongozo wa Kupima Kazi ya Waosha Magari Rungwe

Mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hilo peke yake linabadili namna ya kupima kazi ya kuosha gari. Gari lililong'arishwa asubuhi linaweza kurudi na tope kabla halijafika Kiwira. Paa, boneti na vioo huoshwa na mvua bila malipo. Mteja wa Rungwe anatoa hela yake kwa ajili ya sehemu ambazo mvua haizifikii: chini ya gari, ndani ya matao ya magurudumu, kwenye kingo za milango, chini ya viti. Sehemu hizo hazionekani kwa mbali wala hazipigwi picha. Ndiyo maana ni rahisi kuziruka, hasa pale muziki unapopigwa kwa sauti kubwa, povu lina rangi tatu na nyama inanukia jikoni.

Burudani yenyewe haina kosa. Mwaka 1976 Wamarekani walitengeneza filamu nzima, Car Wash, juu ya siku moja ya waosha magari wa Los Angeles na muziki wao, na wimbo wake uliopigwa na kundi la Rose Royce ukashika namba moja nchini mwao. Nairobi na Dar es Salaam zina vituo vingi ambavyo baa na nyama choma vimekaa bega kwa bega na mashine ya presha. Cha kupima ni kazi inayofanywa na burudani hiyo. Kuosha gari vizuri kunataka muda, na mteja aliyesimama kwenye manyunyu na baridi ya Tukuyu hana subira. Kiti safi, chai ya moto, ndizi za kuchoma na mechi ya Simba na Yanga kwenye runinga vinamnunulia mwoshaji muda huo. Kituo kizuri huutumia wote kwenye gari. Kituo kibaya huosha haraka haraka, kisha huliegesha gari pembeni huku mteja akiendelea kuagiza vinywaji.

Kwa hiyo ukifika mahali usipopajua, kaa pale unapoweza kuliona gari lako, halafu fuatilia mambo yafuatayo.

Kabla ya povu

Udongo wa Rungwe ni wa volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu takriban miaka 4,000 iliyopita na kumwaga pumisi kwenye eneo kubwa, jiwe lile jepesi lenye matundu ambalo watu husugulia nyayo. Pumisi ni kioo cha volkano, na chembe zake zina kingo kali. Vumbi na tope vya barabara zetu za vijijini vimechanganyika nayo. Kijana akipitisha sponji kwenye mlango mkavu wenye tope la aina hiyo, anaipiga rangi msasa. Mikwaruzo yake huonekana baadaye jua likitoka, kama duara nyembamba zinazozunguka kila mahali mwanga unapopiga.

Alama ya kwanza ya fundi, basi, ni maji mengi kabla ya mkono. Hulowesha gari lote, huacha tope lilainike, kisha hulisukuma kwa presha kuanzia juu kwenda chini. Bomba hulishika umbali wa kama urefu wa mkono kutoka kwenye rangi, na hulipitisha kwa mshazari. Anayeligusisha karibu na bodi ili maji yaruke juu kwa kishindo anafurahisha macho, lakini presha ya namna hiyo hubandua rangi iliyokwisha kuinuka, hung'oa stika na huweza kuudhuru ubavu wa tairi.

Povu

Povu ndilo onyesho kubwa la biashara hii. Gari jeusi likifunikwa na povu jeupe kila mtu hugeuka, na watoto husimama kutazama. Povu hilo lina kazi ya kweli: hulainisha uchafu uliobaki na kuufanya uteleze, ili kitambaa kikipita kisikwaruze. Rangi ya povu haiongezi chochote kwenye kazi hiyo.

Angalia mambo mawili. La kwanza, povu limwagwe baada ya tope kuondolewa. Likimwagwa juu ya tope zito linaficha tu. La pili, liachwe dakika chache na lisuuzwe kabla halijakauka. Kwenye ubaridi wa Tukuyu mwoshaji ana nafasi. Huko Kyela kwenye joto, sabuni hukauka upesi na kuacha madoa. Uliza pia ni sabuni gani. Sabuni ya unga ya kufulia inatoa povu zuri kwa bei ndogo, lakini hula nta inayolinda rangi na hukausha mipira ya milango.

Ndoo na vitambaa

Usizihesabu taa za kituo, hesabu ndoo. Mwoshaji makini ana ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji kabla haijarudi kwenye sabuni. Mwenye ndoo moja anayarudisha mawe ya gari lililopita kwenye bodi ya gari lako. Vivyo hivyo vitambaa: cha magurudumu kisipande kwenye milango, na kilichoanguka chini kisirudi kazini mpaka kifuliwe. Kijana anayetupa kitambaa chini ili acheze kibao kinachompendeza kisha akakiokota na kuendelea amekwisha kukupa jibu.

Magurudumu na chini ya gari

Dereva aliyeteremka kutoka Isongole na kusimama Kiwira amekanyaga breki mara nyingi, na diski zake zina moto. Maji baridi ya presha yakizipiga ghafla zinaweza kupinda, na dereva atahisi usukani ukitetemeka kila akifunga breki. Fundi mwenye uzoefu husogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Akisikia joto anaanza na sehemu nyingine, magurudumu anayaacha yapoe. Ni tendo la sekunde mbili tu, nami huliheshimu kuliko povu lolote.

Chini ya gari ndiko fedha ya mteja wa Rungwe inakolala. Tope likikaa kwenye chesisi na ndani ya matao hushika unyevu kwa wiki nyingi, na kutu huanzia huko. Kituo chenye rampu au shimo la kuingia chini kimewekeza mahali panapostahili. Baada ya kazi, pitisha vidole ndani ya tao la gurudumu la nyuma, sehemu ya juu. Ukitoa tope, gari halijaoshwa, hata kama boneti inaonyesha sura yako.

Ndani

Hapa hali ya hewa yetu haisamehe. Zulia lililoloweshwa siku ya mvua bila mashine ya kunyonya maji halikauki. Baada ya siku chache gari linanuka uvundo, na vioo vinajaa mvuke kwa ndani kila asubuhi. Mwoshaji anayekwambia, "Kaka, leo zulia tusilimwagie maji, tufyonze vumbi na tufute, uje siku ya jua," amepoteza mauzo ya siku moja ili alinde gari lako. Huyo mrudie.

Kwa magari yanayobeba mazao kuna mtihani wa ziada. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye kitambaa cha kiti hugeuka kuwa doa la kahawia iliyokolea, na likizeeka huwa gumu sana kutoka. Fundi wa hapa huuliza gari lilibeba nini kabla hajafungua sabuni. Asiyeuliza mara nyingi hukimbilia jiki, na jiki huondoa doa pamoja na rangi ya kiti.

Mng'ao wa mwisho

Mafuta ya silikoni hufanya tairi ziwe nyeusi na dashibodi ing'ae. Yakipakwa kidogo na kufutwa hayana tatizo. Yakimiminwa, yanarukia milango gari likianza kutembea. Kwenye usukani na pedali hayatakiwi kabisa. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela barabara inashuka karibu mita 1,000, na hakuna mng'ao unaostahili mguu uteleze kwenye breki.

Jihadhari pia na taa za rangi. Chini ya taa ya buluu au nyekundu mikwaruzo na madoa hayaonekani. Omba gari lisogezwe kwenye mwanga wa mchana au taa nyeupe kabla ya kulipa.

Maji yanakwenda wapi

Kazi safi haichafui kwa jirani. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inakwenda Ziwa Nyasa, na watu huchota maji yake njiani kote. Kuosha gari mtoni kuna mandhari ya kuvutia, lakini oili na sabuni vinabaki kwenye maji ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kituo kinachostahili kusifiwa kina sakafu ya zege, mfereji, na shimo la kutuamisha tope na kutenga mafuta. Shimo hilo halivutii macho, nalo linagharimu. Mwenye kituo aliyelichimba huenda pia halipui kazi pale asipoonekana.

Kuipima burudani yenyewe

Maswali matatu yanatosha. Je, kutoka kwenye kiti chako unaliona gari? Je, mwoshaji anakusikia ukimwita, au muziki umemfunika? Je, viti vikijaa, idadi ya waoshaji na vitambaa inaongezeka, au wahudumu wa vinywaji peke yao ndio wanaoongezeka? Vijana wengi hulipwa kwa gari, kwa hiyo msongamano unawasukuma wakimbize. Mwenye kituo anayejua biashara huchukua sehemu ya faida ya jikoni na kuwalipa vizuri zaidi kwa gari lililokaguliwa. Hapo burudani na usafi vinabebana. Na kwa kuwa mteja huyohuyo ataendesha, kituo kinachoweka chai na soda mbele kuliko bia kinamjali.

Ukaguzi wako uwe na mpangilio: fungua milango yote utazame kingo na bawaba, inua mazulia, ingiza vidole kwenye matao, nusa ndani vioo vikiwa vimefungwa, kisha ndipo utazame boneti. Ukikuta kasoro, sema papo hapo kwa heshima, na umpe kijana nafasi ya kurekebisha. Ukikuta kazi nzuri, mwambie waziwazi umeona nini: matao, kingo, breki alizosubiri zipoe. Mwongezee kidogo na umwambie "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mbele ya wenzake na mbele ya tajiri wake. Wenye vituo hujenga kile ambacho wateja wanakilipia. Tukiendelea kulipia povu, watanunua povu zaidi. Tukilipia matao, watajenga rampu.