Wanaolikeshea Jua

Watalii huenda Hermanus, mji mdogo wa pwani ya Afrika Kusini, kutazama nyangumi. Mimi heshima yangu naipeleka kwa wanaolitazama jua. Kituo chao kilikuwa Cape Town. Treni za umeme zilipovuruga vipimo vyake vya usumaku wa dunia, unaotikiswa na dhoruba za jua, kikahamishiwa Hermanus mwaka 1941, mbali na kelele hizo zisizosikika kwa sikio.

Kazi yenyewe inataka subira. Jua likifyatua wingu la chembe zenye umeme, mwanga wa mlipuko hutufikia kwa dakika 8, lakini wingu huchukua siku moja hadi tatu. Katika mwanya huo mtafiti hukesha: litatupiga au litatupita? Tena mwelekeo wa usumaku wake, unaoamua ukali wa dhoruba, haujulikani sawasawa mpaka lifikie vyombo vya anga vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Hapo zimebaki dakika chache, pengine saa moja.

Machi 1989 dhoruba kama hiyo ilizima umeme Québec, Kanada. Watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9 hivi. Mei 2024 ikaja nyingine kubwa. Safari hii wenye mitambo ya umeme walikuwa wameshaonywa. Sisi wengine tulilala tu.