Duka linalokubali kila mutu: kusoma upya ile liste ya "alama saba"



Ile liste ya "Alama 7 za kutambua duka ya uongo kwa mutandao" imezunguka tena. Mimi peke yangu imenifikia mara nne, na kila mara mwenye kuituma aliongeza "soma mpaka mwisho, itakusaidia". Nimeisoma mpaka mwisho. Nimeisoma sawa vile tulikuwa tunasoma travaux ya wenzetu zamani, kwa heshima lakini na kalamu nyekundu mukononi. Maoni yangu ni haya: imeandikwa vizuri, inasomeka haraka, na iliandikwa kwa ajili ya mutu ambaye haishi kwetu.

Ninachukua mufano wa kinga (wenzetu wa Bukavu na Uvira wanasema baiskeli, tunaelewana), kwa sababu kinga njo kitu vijana wetu wanatafuta sana kwa mutandao siku hizi. Tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali mwezi wa tisa 2025, mara ya kwanza katika Afrika, kijana wa klabu hataki tena ile Phoenix ya chuma ambayo baba yake alibebea makala. Anataka kadri ya kaboni, freni za diski, vitesi 12. Anazunguka mjini Lubumbashi, hapati, ao anapata ya mitumba yenye bei ya gari. Njo pale anafungua simu.

Liste inamuambia kwanza: angalia kufuli. Kama kuna kufuli pembeni ya anwani ya saiti, uko salama. Hii ilikuwa na maana kidogo miaka ya nyuma, wakati cheti cha kufuli kilikuwa kinauzwa na kilisumbua kupata. Tangu mwisho wa 2015 Let's Encrypt inavitoa bule, kwa dakika chache, kwa mwenye saiti yoyote, mwizi ao padri. Kufuli inasema tu kwamba maneno kati ya simu yako na saiti ile hayasikilizwi njiani. Haisemi ni nani uko naye upande ule. Google yenyewe ilifanya uchunguzi 2021 na ikakuta watu 11 tu kwa 100 njo walielewa sawasawa maana ya ile alama, na mwezi wa tisa 2023 wakaiondoa kwa Chrome na kuweka alama ingine. Wenye kuitengeneza waliona inadanganya watu, wakaitoa. Sisi tungali tunaituma kwa WhatsApp.

Alama ya pili na ya tatu: namba ya simu na anwani ya mtaa. Ya ine: maoni ya wateja. Ya tano: picha safi na lugha bila makosa. Hizi zote ninazipiga mustari mumoja, maana ni zile zile: ni sura. Anwani inakopiwa. Nyota tano ambazo duka imejibandikia yenyewe chini ya ukurasa ni picha tu. Nyota za Trustpilot zina maana kidogo kama unaenda kuzisoma kwa Trustpilot kwenyewe, na hata huko unaanzia kwa zile za nyota moja. Lugha bila makosa? Siku hizi programu inaandika Kifaransa kizuri kupita sisi tulio na diploma. Mimi ningesema hata kinyume: maduka mengi ya kweli ya fundi wa kinga yana saiti mbaya kabisa, picha za giza, makosa kila mahali, maana mwenyewe yuko anatengeneza sheni, hana wakati.

Ninasema hivi nikiwa na mufano mbele ya macho. Mudogo mumoja wa promosio ya nyuma alituma kwa groupe duka moja ya Ulaya (jina nalifunga). Kinga ya kaboni yenye Shimano 105 Di2, dolari 289. Chini yake hadithi: duka ya familia, miaka 30 ya kazi, baba amezeeka, tunafunga, asante kwa wateja wetu wote. Picha ya mzee mbele ya mulango. Kijana akachukua liste, akapita alama moja moja. Kufuli, iko. Simu, iko. Anwani, iko, na kwa Google Maps nyumba inaonekana. Maoni, iko na ni mazuri. Lugha, safi. Masharti ya kurudisha bidhaa ndani ya siku 30, iko. Akalipa avansi ya dolari 145, pesa ya likelemba ambayo alingojea zamu yake miezi sita. Hakudharau liste, bandugu. Aliitii. Njo maana ninaikosoa liste, na si yeye.

Sasa tuisome ile duka kwa macho ingine. Kwanza bei, ambayo kwa liste ni alama ya saba, ya mwisho, na inasema tu "kama ni rahisi sana, jihazari". Sana ni ngapi? Sisi sote tunatafuta rahisi, hakuna mutu anatafuta ghali. Liste ingepaswa kueleza hesabu. Muuzaji wa kinga anabaki na kama theluthi ya bei, na ndani ya hiyo theluthi kuna nyumba, umeme na mishahara. Anaweza kupunguza asilimia 20, 30, hata 40 kwa mufano wa mwaka uliopita kama anataka tu kutoa vitu ndani. Asilimia 80 hawezi, hata kama anafunga, maana ni kuuza kwa hasara kitu ambacho muuzaji mwingine angekinunua kwake bei zuri siku hiyo hiyo. Na 105 Di2 ile, ambayo ilitoka 2022, yenyewe peke yake bila kadri wala magurudumu ilikuwa inapita dolari 1000. Mutu anakuuzia nyumba mzima kwa bei ya mulango.

Hadithi ya kufunga nayo ina mbegu ya kweli, na njo inaifanya kuwa na nguvu. Maduka makubwa yamekufa kweli. Wiggle na Chain Reaction Cycles za Uingereza, hii ya pili ilianza 1984 kule Ireland ya Kaskazini, zilianguka mwezi wa kumi 2023 wakati kampuni ya juu yao ilikosa pesa, na majina yakaja kununuliwa na Frasers Group 2024. Fikiria miezi ile: kila mupenda kinga anasikia kwamba duka inafilisika, anangojea bei za mwisho. Kwa tapeli ni kama mvua ya kwanza kwa mulimaji. Jina ambalo watu walilipenda, na sababu ya kuamini bei ambayo siku ingine wasingeiamini. Kwa hiyo kila mara duka inakulilia kwamba inafunga, usiangalie machozi, angalia tarehe. Unaingiza anwani ya saiti kwa huduma yoyote ya WHOIS, inakuambia siku gani jina lilisajiliwa. Unaenda tena kwa web.archive.org, unaona kama mwaka 2019 kulikuwa kitu pale. Duka ya miaka 30 ambayo saiti yake ina wiki sita! Na kama inatoa namba ya kampuni ya Uingereza, Companies House inafunguliwa bule. Weka namba uone ni kampuni ya kinga ao ya kuosha nguo. Kwa kijana wetu jambo hili lingechukua dakika tano. Liste haikumuambia.

Kitu kingine cha dakika tano: Trek, Giant na Specialized wana ukurasa wa kuonyesha wauzaji wao. Duka inayojisifu kuwa nazo mpya na haimo, ieleze kwa nini. Canyon ya Koblenz, kule Ujerumani, inauza hasa yenyewe moja kwa moja; mutu wa kati akikuambia ana Canyon mpya kumi, muulize alizitoa wapi.

Lakini jambo ambalo lilinisumbua zaidi halimo kwa liste hata kidogo, na ni jambo letu sisi. Ile duka ilikubali kutuma Lubumbashi. Bule. Siku tano mpaka saba. Haikuuliza swali.

Mwenye amewahi kuagiza kitu kikubwa anajua. Kinga inasafiri ndani ya karatasi ngumu ya karibu sentimita 140 kwa 80 kwa 20. Makampuni ya ndege ya haraka hayapimi uzito peke yake, yanapima ukubwa: zidisha vile vipimo, gawanya kwa 5000, unapata karibu kilo 45 za kulipia, hata kama kinga ina kilo 9. Kilo 45 kutoka Ulaya kuja Katanga ni mamia ya dolari. Kwa njia ya bahari ni Dar es Salaam, Tunduma, Zambia nzima, halafu Kasumbalesa na foleni yake, DGDA, OCC, na karatasi ambazo kila mutu hapa anazijua majina. Duka ya kweli inaogopa hii njia. Inakuomba namba ya kodi, inakuuliza nani atalipa ushuru, ao mara nyingi inakukatalia tu. Kwa ile orodha ya inchi ambazo wanatuma, unateremka, unaona Comoros, unaona Croatia, Congo haiko. Inauma, ndiyo. Lakini duka inayokukatalia imekuambia kitu cha kweli, na ile inayokubali kila mutu, kila inchi, bila swali, haijawaza hata siku moja jinsi kinga itafika, maana hakuna kinga.

Na hapa njo tatizo linakuwa baya zaidi kuliko liste inavyofikiri. Maduka ya kweli yanatufungia mulango. Kwa hiyo milango iliyo wazi mbele yetu ni ya matapeli zaidi kuliko ile iliyo mbele ya mutu wa Lyon ao Leeds. Kijana wa huko akitafuta kinga anachagua kati ya maduka mazuri mengi na machache ya uongo. Kijana wa hapa ameshakataliwa mara tano kabla ya kufika kwa yule anayemkaribisha vizuri. Liste inayosahau hiyo inapima watu wawili kwa kilo moja ambayo si yao wote.

Halafu malipo. Liste inasema "lipa kwa njia salama", nukta. Njia gani? Kwa kadi ya Visa, benki inaweza kupigania pesa yako, mara nyingi ndani ya siku 120. PayPal inatoa siku 180, kama hukutuma kwa ile njia ya "marafiki na familia", ambayo tapeli atakuomba uitumie ili "kuepuka gharama". Wajanja wengine wanatuma kweli paketi ndogo, miwani ao soksi, ili namba ya kufuatilia iseme "imefika" na uzito wa kesi yako upungue. Kwa hiyo piga picha ya paketi na kilo zilizoandikwa juu yake kabla ya kufungua. Sasa kwetu wengi hatuna kadi. Tunatuma kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money kwa komisionere, ao kwa kaka wa Bruxelles alipe huko. Pesa ya simu ikishaingia kwa simu ya mutu na akaitoa, kuirudisha ni kesi ya maneno. Lakini hata hapo kuna alama ambayo liste ingeweza kuandika: jina linalotokea kwa ujumbe wa kuthibitisha. Umeambiwa unalipa duka, na jina ni la mutu binafsi ambaye hakuna mahali anaonekana kwa fakture. Simama pale.

Na kama unapitia komisionere wa Dubai ao Guangzhou, yeye njo duka yako, si ile saiti. Muulize yeye RCCM yake, Id. Nat., namba ya kodi, na depo yake iko mtaa gani, uende uone na kontena ya mtu mwingine iliyofika. Code du numérique yetu ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inamtaka muuzaji wa mutandao ajitambulishe. Sijaona liste hata moja kwa groupe zetu inaitaja, na tuna wanasheria humu ndani wa kutosha!

Neno la mwisho juu ya sauti ya ile liste. Inaanza na "Usiwe mujinga". Kijana alipoeleza yaliyompata, kuna wakubwa waliandika "universitaire mzima?" na vile vichwa vya kucheka. Siku tatu baadaye alitoka groupe. Nimeongea na wawili wengine ambao, baada ya kuona vile, waliniambia kwa siri kwamba nao walipoteza, mumoja kwa kinga, mumoja kwa mashine ya kushona, na hawatasema kamwe mbele ya watu. Kwa hiyo groupe ya watu karibu mia mbili ina majina ya maduka matatu ya uongo na inayaficha, kwa haya. Tapeli hahitaji kubadilisha jina.

Nimeomba wasimamizi wetu waondoe liste ile kwa ujumbe uliobandikwa juu, na waweke mahali pake ukurasa mumoja ambapo mutu anaweza kutaja duka, tarehe na njia ya malipo, bila kusema ni yeye. Jibu bado. Dolari 145 za kijana nazo bado. Zilipita kwa kadi ya kaka yake wa Bruxelles, siku ya 120 inaanguka tarehe 9, na karatasi za kuomba benki irudishe tumezituma juzi.