Rupia Ilivyopungukiwa na Fedha

Chukua mizani ya sonara. Weka rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 upande mmoja, florini ya Afrika Mashariki ya 1920 upande wa pili. Mizani itatulia sawasawa, kwa kuwa kila moja ina gramu 11.66. Lakini sonara akizisugua kwenye jiwe lake, siri inatoka: rupia ni fedha asilimia 91.7, florini ni asilimia 50 tu.

Rupia ile ilipigwa Birmingham kwa ajili ya kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni ilikuwa changa, haijulikani, kwa hiyo ilifuata uzito na ubora wa rupia ya India, iliyokwisha kuzoeleka pwani nzima. Aliyeipokea hakuhitaji kuiamini kampuni, alitosheka na fedha iliyokuwa ndani.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bei ya fedha ilipanda mno, na rupia ikapanda nayo. Uingereza ilipunguza fedha katika sarafu zake yenyewe mwaka 1920. Huku kwetu florini ikachukua nafasi ya rupia, moja kwa moja, na pauni iliyokuwa rupia 15 ikawa florini 10. Mwaka 1921 ikaja shilingi, mbili kwa florini, yenye gramu 7.8 na fedha asilimia 25.

Sasa piga hesabu. Rupia ilikuwa na gramu 10.7 za fedha safi, florini 5.8, na shilingi mbili 3.9. Kibarua wa reli pale Changamwe aliyelipwa kiasi kile kile alibaki na fedha pungufu ya nusu ya ile ya zamani. Kwa maoni yangu, kuiacha florini na uzito wa rupia ndiko kulikoyarahisisha mabadiliko haya, maana mkono haukuhisi tofauti.

Ya mshahara yalihisiwa mara moja. Walowezi walilalamika kwamba pauni ya florini 10 imewapandishia gharama, na mwaka huo huo wa 1921 wakakata ujira wa Waafrika kwa theluthi. Harry Thuku, mwanaharakati wa Kenya, alisimama kupinga.