Kiti cha Mtemi Kilichogeuzwa Nyumba

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukapita Buzuruga, Nyakato na Igoma, daladala itakushusha Kisesa, na Bujora haiko mbali. Wengi huja kwenye makumbusho haya ya Wasukuma kutazama mikuki na ngoma. Mimi hukawia nje, mbele ya jengo la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi.

Ili uone ukubwa wa kazi hiyo, lifikirie kwanza gogo. Mchongaji wa viti vya jadi hapigi msumari wala haungi miguu. Kikalio na miguu yote hutoka kwenye mti mmoja. Shoka hulipa gogo umbo, kisha tezo huingia, likimega kidogo kidogo, mkono ukigeuka kufuata mkao wa nyuzi za mti. Penye jasho hasa ni kule chini, katikati ya miguu, ambako tezo halina nafasi ya kuzunguka. Pigo moja likizidi, mguu umekwenda, na hakuna wa kuurudisha.

Sasa umbo hilo likuzwe hadi watu waingie ndani! Ukuta hauna nyuzi za kumwongoza mwashi, wala alama za tezo. Kinachobaki ni uwiano tu, na huo ndio walioushika waliojenga Bujora. Kanisa lililo hapo nalo limefuata nyumba ya mviringo ya Kisukuma. Kazi yote hii ilianzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Naiheshimu kwa sababu haikuchukua nakshi ya Kisukuma ikaibandika juu ya jengo la kigeni. Ilianza na umbo.

Wakati nao ulikuwa na uzito wake. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na viti na ngoma za watemi vikabaki bila kazi majumbani. Bila makumbusho haya, vingi vingeweza kuliwa na mchwa.

Ngoma za kuchezea zina bahati zaidi, maana bado zinapigwa. Mwezi Juni, kwenye sherehe za Bulabo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanza karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake. Ngozi iliyolegea kwa umande husogezwa kwenye moto mpaka ikaze. Fundi huigonga kwa vidole, husikiliza, huigeuza, hugonga tena. Mshindi hapatikani kwa alama za majaji. Watazamaji huhama kwa miguu yao kwenda kwa wanaowavutia, na upande uliokusanya watu wengi ndio ulioshinda.